Rangi ya Ukaribisho

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sijifichi. Mama mkwe wangu ana utani wake kwamba mwanawe alipotoka kutafuta jiko alipewa la mkaa, tena likiwa limeshawashwa. Mwanawe mwenyewe ni fundi wa friji, mpole, hapandishi sauti hata akikanyagwa, na watu wa mtaani walipomjua tu wakambandika jina la Baridi. Basi nyumbani kulikuwa na Baridi, kulikuwa na jiko, na mama mkwe katikati akituchokoza wote wawili. Nayasema haya mapema ili mkisikia niliogopa, mjue mimi si mtu wa kuogopa mende.

Kabla ya kununua ile nyumba tulimsikiliza Redio karibu mwaka mzima. Redio ni mzee mmoja, karani mstaafu, ana sauti nzito utadhani ameimeza spika. Kila Jumapili asubuhi anarekodi habari za mtaa wake na kuzituma kwenye kundi la simu linaloitwa Majirani Wema. Kundi lile lina watu wengi wanaotafuta nyumba kuliko wenye nyumba.

“Majirani wema, na nyinyi mnaosubiri kuwa majirani wema, hamjambo!” ndivyo anavyoanza. “Nyumba ya geti la kijani imepata wenyewe, bei imepanda tena, aliyekuwa anajivuta asije akanilaumu. Mama wa nyumba ya kona amejifungua salama, tupeleke chakula kwa zamu kama kawaida yetu. Kuna jogoo amepotea, mwekundu, mwenye kiburi. Na kule safu ya nyuma, nyumba moja inatafuta familia yenye adabu.”

Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa mtu aliyefunga maji kila akikasirika, na alikasirika kila siku. Mama mkwe alilala nyuma ya pazia, maana kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mzima wa kulia na hakuweza tena kuishi peke yake. Alikuwa na nyumba yake ndogo, mbali, aliyoijenga kwa kupika kwenye bweni la shule tangu ujana mpaka mgongo ukapinda. Akawa anamsikiliza Redio huku macho yanang'aa.

“Hao wanaopelekeana chakula ndio watu,” akasema siku moja. “Uzeni nyumba yangu, mkanunue huko. Nataka nife nikiwa na majirani.”

“Mama, mambo ya kufa yanatoka wapi tena?” Baridi akasema.

“Haya, nataka niishi nikiwa na majirani. Umeridhika?”

Tukaiuza. Kila kilichopatikana, pamoja na akiba yetu, kikaingia kwenye nyumba ya safu ya nyuma. Hatukubakiza hata pa kuegesha godoro. Nyumba ile kwa haki ilikuwa ya mama mkwe, sisi tulikuwa wabebaji mizigo tu.

Siku ya kuhamia tulikuta watu wametusubiri getini na brashi. Nasema kweli, brashi za rangi, na ndoo, na ngazi. Mbele yao alisimama mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuambukiza, jirani yetu wa uzio mmoja, mama wa mapacha wawili wadogo. Jina lake lingine sikuwahi kulijua, kila mtu alimwita Mama Mapacha.

“Wifi, shusha mizigo taratibu,” akaniambia, kana kwamba alinijua tangu zamani. “Hapa kwetu mgeni haingii kwenye kuta za mtu mwingine. Tunampakia rangi mpya, sisi wenyewe, kwa mikono yetu. Ndiyo ukaribisho.”

Walianza na chumba cha nyuma, hata kitanda hakijaingia. Rangi ya maziwa, nzito, wakairudia mara mbili tatu. Waliimba, wakataniana, Redio akasimama mlangoni akitangaza kazi kama mpira wa miguu. Mama mkwe tulimweka kwenye kiti, akacheka mpaka machozi yakamtoka upande mmoja. Mimi nikaingia chooni nikalia, kwa sababu maishani mwangu sikuwahi kupokewa na mtu. Kile chumba cha nyuma tukampa Mama, maana kilikuwa kizuri kuliko vyote na dirisha lake lilimwonyesha ua wa jirani.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu niliiweka humo humo kwa Mama ili tupige soga nikishona. Jambo la kwanza lilikuwa kidonge cha uzi. Kilianguka, kikabingirika taratibu mpaka kwenye ukuta wa nyuma, kikatulia. Nikakiokota. Kikaanguka tena, kikaenda pale pale. Mama akasema, “Uzi wako umepata mchumba huko ukutani.” Tukacheka, nikaendelea na kazi.

Kisha mlango wa chumba ukaanza kugoma. Baridi akaupiga randa kidogo, ukafunga, baada ya wiki ukagoma tena. Nikamwambia ni unyevu. Nikasema na mimi nitaupiga teke mmoja utanyooka, na nikaupiga kweli.

Halafu ukuta ukaanza kusema.

Ilikuwa mchana, jua kali, nyumba imetulia. Nilikuwa napinda gauni la mteja. Nikasikia “ko!” kama mtu amegonga kwa kifundo cha kidole, mara moja tu. Nikadhani ni Mama, nikageuka. Mama alikuwa amelala chali, mkono wake mzima uko kifuani, ananitazama.

“Umesikia?” akaniuliza.

“Panya.”

“Panya hagongi hodi, mwanangu. Na hii si mara ya kwanza, ananigongea kila siku. Nimenyamaza nisiwaharibie furaha.”

Nikainama kumweka sawa mto. Juu ya mto kulikuwa na vumbi jeupe, laini, kama unga. Nilipepesa macho nikatazama juu. Kwenye rangi yetu ya maziwa, kutoka kwenye pembe ya dari mpaka nyuma ya kitanda chake, ulikuwepo mstari mwembamba kama unywele.

Ninavyojijua, hofu ikinishika hutoka kwa mlango wa hasira. Nikavuta kitanda na Mama juu yake, nikachukua kisu cha jikoni, nikaanza kukwangua pale kwenye mstari huku nawatukana panya, mchanga, na wauza saruji wote.

Rangi ya maziwa ikatoka kama ganda la yai. Chini yake kulikuwa na kijani. Nikakwangua kijani, nikakuta buluu. Juu ya ile buluu kulikuwa na vistari vya penseli, vile watu wanavyompima mtoto urefu, kimoja juu ya kingine. Vilikuwa vichache. Havikufika hata kiunoni kwangu, vikakoma. Chini ya buluu kulikuwa na waridi, na chini ya waridi kulikuwa na njano. Na kila rangi ilikuwa imepasuka mahali pale pale.

Ndipo nikakaa chini, sakafuni, kisu mkononi. Tulipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila rangi ilikuwa familia. Kila familia iliimbiwa, ikachekeshwa, ikapakiwa ukuta, ikaweka kitanda pale. Na kila mmoja alipouona ufa alifanya nini? Aliondoka, akamwachia mwenzake.

Nilichukua rula yangu ya chuma ya kukatia vitambaa, nikaichomeka kwenye ufa. Nilidhani itaingia kidogo. Ikaingia yote, mpaka vidole vyangu vikagusa ukuta. Nilipoitoa, upepo baridi ukanigonga usoni kutoka ndani, ukiwa na harufu ya udongo mbichi na takataka zilizooza. Upepo kutoka ndani ya ukuta, jamani! Nyumba ilikuwa inapumua.

“Mwanangu,” Mama akasema kutoka kitandani, “usoni umekuwa kama majivu. Niondoe hapa.”

Nikamhamishia sebuleni. Nikampigia Baridi simu, nikashindwa kusema, nikakata. Kisha nikatoka hivyo hivyo, bila viatu, na vumbi la rangi tano mikononi, nikaenda kwa Mama Mapacha.

Alikuwa anaanika nguo za wanawe. Aliangalia mikono yangu kabla ya kuangalia uso wangu, na kicheko chake kikafa papo hapo. Sikuhitaji kumuuliza kama anajua.

“Ingia ndani, wifi,” akasema kwa sauti ya chini. “Usisemee nje.”

“Nitasemea juu ya paa! Mliupaka ufa rangi, mkaniimbia! Mama mkwe wangu hawezi hata kugeuka kitandani, ukuta ule ukimwangukia atakimbia na mguu gani?”

“Shh! Nakuomba.” Alinishika mkono akaniingiza jikoni, akafunga mlango. “Hapa nyuma palikuwa machimbo ya mawe. Walipomaliza kuchimba wakajaza taka, juu yake wakamwaga udongo, juu yake wakajenga. Taka zinaoza, ardhi inakaa. Hatukujua, sote tulinunua kama wewe. Ukigundua, unauza. Tunakuja wote tunakupakia, mnunuzi anapatikana, unaondoka salama. Hatujamwacha mtu hata mmoja akwame.”

“Na anayenunua?”

Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

“Hii habari ikitoka,” akasema, “nyumba zote za mtaa huu zinakuwa takataka kesho asubuhi. Watu wameweka humu kila walichonacho. Mimi sina mume wa kunibeba, nina nyumba tu. Unataka nilale na watoto barabarani?”

“Kwako hakuna ufa?”

“Kwangu hakuna,” alisema haraka. “Kwangu ni salama, namshukuru Mungu. Redio alinihakikishia, lile shimo linaishia kwenye uzio wako.”

Nilirudi nyumbani nikiwa natembea juu ya vidole, kwa woga wa kuikanyaga ardhi kwa nguvu. Mtu mzima, mwenye mwili huu, natembea kama nimebeba mayai.

Baridi aliporudi nilimwonyesha. Alipita chumba kwa chumba akigonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Chumba cha nyuma sauti ilikuwa tupu. Ukumbini, tupu. Alipofika sebuleni, karibu na kitanda cha Mama, akagonga, na sote watatu tukasikia ule utupu chini yetu. Alibaki amepiga magoti pale pale, yeye niliyekubali kuolewa naye kwa ajili ya utulivu wake, akigonga tena na tena kama haamini.

“Tunauza,” akasema. “Hatuna pa kwenda mpaka tuuze. Nimtoe Mama humu kwanza, mengine Mungu atanisamehe.”

Mama alikuwa anatusikia. Kwa kawaida hapo angetia utani. Safari hii akatazama dari, kisha akasema polepole, maana ulimi wake ulikuwa mzito:

“Kwa hiyo mnatafuta mtu wa kulala mahali pangu.”

Baridi alitoka nje. Mimi nikajifanya natafuta sindano.

Jumapili ile Redio alitangaza, na safari hii nilizisikia habari zake kwa masikio mengine kabisa. “Kule safu ya nyuma, majirani wema, nyumba moja inatafuta familia. Wenyewe wanahama kwa sababu za kikazi. Nyumba tulivu, ina chumba cha nyuma chenye mwanga, kinamfaa mzazi au mtoto mchanga.” Mzazi au mtoto mchanga! Nilitaka kuitupa simu ukutani, nikakumbuka ukuta gani.

Siku zile za kusubiri sitaki hata kuzikumbuka. Tuliishi kama wezi ndani ya nyumba yetu. Hatukufua kwa maji mengi, tuliogopa maji yatazama chini. Hatukufunga mlango kwa nguvu. Sahani ikigonga, moyo unaruka. Mashine yangu niliacha kuikanyaga ndani, niliogopa mtikisiko wake, nikawa nashona uani chini ya jua kama nimefukuzwa. Kila saa Mama aligongewa na ukuta kutoka mbali, ko, ko, na kila mara macho yake yalinitafuta. Lori likipita barabarani nilisimama kando ya kitanda nikiwa nimemshika Mama mkono, nikilisubiri lipite.

Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa mwalimu, mwanamke kijana, mtoto mgongoni, mumewe anafanya kazi mbali. Redio akatuambia anakuja jioni na kwamba majirani watakuja mapema kidogo kutusaidia. Hakutaja kutusaidia nini. Wakaja na ndoo na brashi. Mama Mapacha akaja nao, hakunitazama usoni. Wakaingia moja kwa moja chumba cha nyuma, wakajaza ufa kwa simenti na gundi, wakapaka. Safari hii ilikuwa rangi ya chungwa. Wakaimba wimbo ule ule walioniimbia, kwa furaha ile ile, na ndicho kilichonitia hofu kuliko ufa wenyewe. Hawakuwa wanaigiza. Walikuwa wanafurahi kweli, kwa sababu mtu mmoja zaidi alikuwa anaokoka.

Mama tukamrudisha mle chumbani, ndivyo Redio alivyotaka. “Bibi akiwa amelala pale, mnunuzi atatulia roho,” alisema. Nikakubali. Ndiyo, nilikubali, na Baridi akambeba Mama, akamlaza chini ya ule ukuta mbichi. Mama alininyooshea tu mkono wake mmoja, nikaushika, nikauachia.

Mwalimu akaingia, amechoka, anatabasamu. Akapita vyumba, akasifu dirisha, akasifu majirani waliojaa uani. “Nimekuwa nikimsikiliza Redio tangu nina mimba,” akaniambia. “Nilikuwa nasema, nikijaliwa, mwanangu akue na watu wa namna hii.”

Akafika chumba cha nyuma. Akamwamkia Mama, “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Unalala vizuri humu?”

Uani wimbo ukapanda. Baridi alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alimtazama yule binti, kisha akanitazama mimi. Jibu aliniachia mimi.

Mwalimu akacheka kidogo, akafungua kanga, akamshusha mtoto. “Kaa kidogo na bibi yako, mgongo umekufa ganzi.” Akamlaza yule mtoto kitandani, pembeni ya Mama, upande wa ukutani. Mtoto akarusha miguu, kisigino kikagusa rangi mbichi, kikapata alama ya chungwa.

Ko!

Safari hii ilikuwa kubwa. Mwalimu akashtuka. Kule nje wakaongeza sauti, wakapiga makofi, na nikamsikia Redio akiwahimiza. Yale makofi ndiyo yaliyonimaliza. Mama alikuwa amemfunika mtoto kwa mkono wake mmoja, mkono pekee alionao, ameufanya paa juu ya kichwa chake.

“Mchukue mwanao,” nikasema.

“Samahani?”

“Nimesema mchukue mwanao!” Nikapaza sauti mpaka wimbo ukakatika. Nikaikwapua rula yangu ya chuma pale dirishani, nikaichomeka kwenye rangi ya chungwa, pale nilipopajua hata gizani. Simenti mbichi ikabonyea, rula ikazama yote. “Weka mkono wako hapa. Weka! Huo upepo unaousikia unatoka chini ya nyumba. Chini yetu kuna shimo. Nilikuwa nakuuzia mbuzi kwenye gunia, basi gunia ndilo hilo nimelifungua.”

Akaweka kiganja. Nilimwona uso ukibadilika taratibu, kama wangu ulivyobadilika. Akamnyakua mtoto, akamkumbatia mpaka mtoto akalia. Pale mlangoni aligeuka, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

“Nilikuwa nimeshawaambia watu wote nimepata kwangu,” akasema. Akaondoka.

Kule uani waliziweka brashi chini moja moja na kutoka bila kuaga. Redio akasimama mbele yangu, sauti yake nzito haikuwepo, alikuwa mzee tu mwenye midomo mikavu. “Umetuua,” akasema. Mama Mapacha alipita akiwa amejifunika mdomo kwa kanga. Kabla jua halijazama, simu ikalia mara moja: nimeondolewa kwenye kundi la Majirani Wema.

Baridi hakunilaumu, na hilo likaniuma. Alimbeba Mama tena, akamlaza sebuleni karibu kabisa na mlango wa mbele, mlango ukaachwa wazi. “Ikitokea,” akasema, “mimi kichwani, wewe miguuni. Usichukue kitu kingine.” Tukafanya mazoezi, mchana kweupe, sisi wawili na yule mama wa watu, tukimbeba na kumrudisha. Mara ya pili Mama akasema, “Nimeshakuwa kabati.” Nilicheka, halafu nikalia kwa kwikwi mpaka Baridi akaja kunishika.

Sasa nilikuwa nimemfungia Mama humo kwa mdomo wangu mwenyewe. Hakuna mnunuzi angekuja tena. Dukani waliacha kuniitikia salamu. Wateja wangu wa mtaani walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo hata sijavikata. Nilijiuliza mara elfu kama nimefanya wema au nimefanya kiburi, na jibu sikulipata. Kitu pekee nilichokiona nikifumba macho ni kisigino cha mtoto chenye rangi ya chungwa.

Jumapili ikafika. Jirani wa mbele huwa anafungulia habari za Redio kwa sauti, hata asiyekuwa kundini anasikia. Tukasubiri. Hakukuwa na habari. Mtaa mzima ulikuwa kimya, hata yule jogoo mwenye kiburi, ambaye alishapatikana zamani, hakuwika.

Ilipofika mchana nikasikia sauti.

Kwaru. Kwaru, kwaru.

Haikuwa ko. Ilikuwa ya kusaga, ya kuburuza, kama kitu kikubwa kinajikokota ndani ya ukuta. “Baridi!” nikapiga kelele. Alikuwa ameshafika. Yeye kichwani, mimi miguuni, tukamtoa Mama mlangoni kama maji, tukamshusha uani kwenye mkeka, mbali na kuta. Nikamfunika kwa mwili wangu, nikasubiri nyumba iende.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Nyumba ilisimama. Mama akanigusa bega.

“Mwanangu, niondokee, unanikaba. Hiyo si kwetu.”

Nikainua kichwa. Sauti ilikuwa inatoka ng'ambo ya uzio. Ikaendelea, kwa nguvu, kwa haraka, kisha ikakatika ghafla. Halafu mlango wa jirani ukafunguka kwa kishindo, na Mama Mapacha akatokea kwenye pengo la uzio. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni, na kanga yake yote ilikuwa imejaa vipande vya rangi, vyeupe, vya kijani, vya waridi, vya kahawia, na rangi nyingine ambazo kwangu hazikuwepo.

“Wifi,” akasema. “Zangu ni nyingi kuliko zako.”

Nikasogea kwenye uzio.

“Mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko. Nyuma ya kitanda chao. Na wao wamelala humo, siwezi... siwezi kuwabeba wawili kwa mara moja, na naogopa kuchagua.”

Nikamgeukia Mama, amelala pale kwenye mkeka, kichwa juu ya mapaja ya mwanawe.

“Unanitazama nini?” akaniambia. “Nenda. Mimi niko nje.”

Nikakimbia. Chumba chao kilikuwa sawa na chetu, dirisha lile lile, ukuta ule ule, na nusu yake ilikuwa imekwanguliwa hadi kwenye tofali. Ufa ulikuwa mweusi, mpana, unapumua. Mama Mapacha akamchukua mmoja, mimi nikamchukua mwingine, mzito kwa usingizi, shingo imemlegea begani kwangu. Tulitoka mbio.

Tulipofika uani kwake nilisimama kuvuta pumzi, mtoto wake kifuani kwangu, na nikaisikia tena ile sauti. Ilikuwa nyumba ya pili kutoka kwake. Kisha na ya tatu. Na mwisho wa safu, kwa mzee Redio, mtu alikuwa anakwangua taratibu, anasimama, anakwangua tena.